Usiifute 2024, mfufue mama mkubwa

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kusubiri. Muswada wako nimeusoma wote, usiku wa juzi na jana, na kabla sijakujibu ngoja nilirudie swali lako kwa kifupi ili na wengine wanaoandika wafuate tunachoongea. Una riwaya ya mapenzi yenye fumbo ndani yake, iko hapa hapa Mwanza, inaenda kwa nyakati mbili. Mei 1996 msichana wa Kirumba yuko bandarini anamsubiri mchumba wake anayekuja na MV Bukoba, meli inazama, kijana haonekani na mwili wake haupatikani. Halafu 2024 mjukuu wa yule msichana anafungua sanduku la bati anakuta barua, imetoka Kisumu, imeandikwa Agosti 1996, mwandiko wa yule yule kijana. Unairusha kwenye grupu la WhatsApp sehemu kwa sehemu, watu wanasema sehemu za 1996 zinawaliza ila za 2024 wanaziruka, na we unauliza je uzifute zote ubaki na 1996 peke yake.

Usizifute. Ila wasomaji wako wako sahihi kuziruka, hilo nalo nikwambie ukweli, maana kwenye 2024 yako hakuna mtu hata mmoja anayepoteza kitu. Mjukuu anasoma barua, anashangaa, anaenda kumuuliza jirani, jirani anasimulia, anaenda kwa mzee wa bandarini, mzee anasimulia, anampigia simu ndugu yao wa Sengerema naye anasimulia, yaani kila anayeulizwa anafungua mdomo palepale kama vile alikuwa amekaa mlangoni anasubiri kuulizwa. Sasa mdogo wangu siri gani hiyo? Jambo likikaa kimya miaka 28 ndani ya familia moja ya Kirumba, ambako nyumba na nyumba zinasikilizana, ujue kuna mtu kalikalia, na huyo mtu mpaka leo likitoka litamvunjia kitu. Mtu huyo ndo anayekosekana kwenye 2024 yako, na kinachouma ni kwamba unaye tayari ila umemuua mwenyewe.

Namsema dada mkubwa wa yule msichana. Sura ya 2 umempa sentensi moja tu, kwamba alifariki 2009 na ndiye aliyekuwa akichukua barua za familia posta. Nilipofika hapo nikasimama nikarudia kusoma. Mwaka 1996 watu wengi mitaani hawakuwa na sanduku lao la posta, barua zilipitia sanduku la parokia, la shule, au la ofisi ambayo ndugu mmoja anafanya kazi, na huyo dada umemwandika ni karani wa ofisi, ana ufunguo. Maana yake barua ya Agosti ilipita mkononi mwake! Aliiona stempu ya Kenya, akaujua mwandiko, akaenda nayo nyumbani kwenye mkoba huku mdogo wake yuko uani anaanika dagaa. Hapo ndipo riwaya yako ilipo na we umempita kama abiria wa kituo cha kati. Mfufue. Mwaka 2024 awe hai, awe anaishi nyumba ile ile, awe ndo anayempikia kila mtu na kuwasomesha watoto wa ukoo, mtu ambaye huwezi kumchukia hata ukitaka.

Sasa kuna hesabu ya umri ambayo lazima tuimalize ndo mengine yakae sawa. Msichana wako ana miaka 19 mwaka 1996. Piga mpaka 2024, ana 47. Na we umemwandika bibi kizee, anatembea na mkongojo, macho hayaoni vizuri, mjukuu wake ana miaka 23. Haiwezekani, huyo angekuwa bibi akiwa na miaka 24. Una njia mbili. Kama unamtaka bibi wa kweli basi urudishe mapenzi yao nyuma mpaka miaka ya 1960, MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961 na mvua za kipindi cha Uhuru zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, kuna mengi ya kuandika pale, lakini utaipoteza MV Bukoba na moyo wa kitabu uko kwenye MV Bukoba. Njia ya pili ndo ninayokushauri: mjukuu awe binti. Bibi awe mama. Mwanamke wa miaka 47, mjane, ana meza yake ya dagaa kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba, anaamka saa kumi alfajiri, anajua kubishana bei, bado anapaka wanja siku za harusi.

Unaona kinachotokea hapo? Barua ya Kisumu kwa kikongwe wa miaka 80 ni kumbukumbu tu, atalia halafu basi. Kwa mama wa miaka 47 ni kitu kinachoweza kumtoa kwenye meza ya dagaa kesho asubuhi akapanda basi la Sirari akavuka mpaka. Yule mwanaume naye ana 51 tu kama alikuwa na 23. Yaani mapenzi ya 1996 hayajafungwa, na 2024 yako ghafla ina hatari yake: binti anafukua akidhani anamfanyia mama zawadi, mama hajui kama anataka kujua, na mama mkubwa, yule dada tuliyemfufua, yuko jikoni anasikia kila neno. Ule uchumba uliomwekea mjukuu na daktari kijana wa Capri Point utoe, niamini, unakula kurasa nyingi na hakuna atakayeuulizia.

Tuje kwenye kwa nini. Mama mkubwa usimfanye mwovu na usimpe wivu, wivu wa dada kumtamani mchumba wa mdogo wake tumeshausoma mara nyingi na utakishusha kitabu. Mpe sababu ambayo msomaji akiisikia anyamaze. Kwenye muswada wako tayari kuna kitu umekipita mbio: kwamba msichana aliposwa na mwanaume mwingine mwaka ule ule, na mahari ilikuwa ng'ombe. Sasa zisogeze tarehe kidogo. Mei amezama kwenye msiba, hali chakula, haongei, dada yake ndo anamwogesha. Juni na Julai anaanza kunyanyuka. Mwishoni mwa Julai wazee wanapokea ng'ombe, na wawili kati ya hao wanauzwa kulipa ada ya kaka yao. Wiki mbili baadaye barua inafika. Mweke yule dada wa miaka 26 pale posta na bahasha mkononi, mahari imeshaliwa, mdogo wake juzi ndo kacheka kwa mara ya kwanza, halafu mwambie achague. Sijui mimi ningefanya nini, kwa kweli sijui, na msomaji naye akiwa hajui ndo atakesha na kitabu chako.

Halafu kuna shimo kubwa ambalo wasomaji wa grupu hawajakuuliza bado ila watakuuliza. Mwanaume yuko hai, kaandika barua moja Agosti 1996, halafu kimya miaka 28? Kisumu na Mwanza ni safari ya siku moja kwa basi. Kwa nini hakuja? We umeandika kwamba alikata tamaa. Haitoshi. Nilivyokuwa nasoma nikasema moyoni, huyu alijibiwa. Fikiria hilo. Mama mkubwa hakuificha barua tu, aliijibu, mistari mitano sita, kwa jina la mdogo wake, kwamba ameolewa na asitafutwe tena. Sasa kuna barua mbili, moja iko kwenye sanduku la bati Kirumba na nyingine iko Kisumu kwenye droo ya mtu, na binti akija kuiona ile ya pili ataujua ule mwandiko kabla hajasoma maneno, kwa sababu ndo mwandiko uliojaza kadi zake za kliniki na barua za ruhusa za shule tangu akiwa darasa la kwanza. Hapo hakuna wa kumsimulia, anaona mwenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wa kufichua usiuandike kama unavyofanya sasa, kila kitu kwenye sura ya 21 kwa mpigo mmoja. Unawarushia watu kidogo kidogo na unajua arosto inavyofanya kazi, mtu akilala na swali kesho anakutafuta. Lakini angalia, swali la kuamkia likiwa la 1996 tu ndo hayo ya watu kuiruka 2024. Ukimwachia msomaji swali la 1996, jibu lake likae ndani ya 2024, na la 2024 likae ndani ya 1996, atalazimika kusoma zote. Mfano, mapema kabisa tujue barua ipo. Kama robo ya kitabu binti agundue bahasha ilishafunguliwa zamani, kwa kisu, vizuri, halafu ikafungwa kwa gundi. Tukirudi 1996 tumwone nani nyumbani ana kisu cha kufungulia barua, na usiseme kitu, kiweke tu mezani kwenye sura ambayo watu wanaongelea mambo ya mahari. Wale makini watakiona na watakuandikia meseji usiku. Theluthi ya mwisho ndo tujue kulikuwa na jibu. Na kwa nini, hilo litoke mdomoni mwa mama mkubwa mwenyewe, mwisho, akimwambia mdogo wake na sio binti. Binti hata asiwepo chumbani.

Sura ya 9 ina kosa ambalo lazima ulitoe hata kama unaipenda, na najua unaipenda maana imeandikwa vizuri kuliko zote. Kijana yuko juu ya meli usiku wa manane, wameshapita Kemondo, bandari ya kwanza baada ya Bukoba, ameegemea vyuma anaangalia mbalamwezi juu ya maji anamuwaza mchumba. Baadaye sura ya 21 unatuambia alishuka Kemondo baada ya kaka yake kumfuata. Sasa yule wa sura ya 9 alikuwa nani? Kumficha msomaji unaruhusiwa, ila umemwonyesha kwa macho yake kitu ambacho hakikutokea na akigundua hatakuamini tena. Mwache kijana pale Kemondo. Tumwone mara ya mwisho amesimama gatini, watu wanapakia mikungu ya ndizi, king'ora kinalia, kaka yake anamshika mkono, mistari inaishia hapo. Msomaji mwenyewe atampandisha melini kichwani mwake, hujamdanganya.

Na mbalamwezi nayo haikuwepo. Meli ilitoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei, mwezi mpya ulikuwa tarehe 17, yaani ulikuwa wa siku tatu, kauzi tu, kufika saa nne usiku umeshazama. Mtu wa Dar anaweza asijali ila mvuvi wa Kirumba atakukamata mstari wa kwanza, kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa watu wanapumzika wanashona nyavu. Lakini angalia hiyo inakupa nini! Kama kulikuwa na giza, basi usiku ule wavuvi wa dagaa walikuwa kazini na ziwa lilikuwa limejaa taa. Msichana wako amekaa kwenye jiwe Kirumba hajapata usingizi, anaangalia zile taa mstari mrefu kama mji ulioko juu ya maji, anahesabu, anasema moyoni saa hizi meli inazipita zile. Hiyo picha inatosha, hauhitaji kumweka mtu melini.

Na hizo taa ndo zikuvushe kutoka wakati mmoja kwenda mwingine, badala ya kila sura kuandika "tukirudi nyuma miaka 28 iliyopita". Tarehe weka juu ya sura, Mwanza, Mei 1996, basi, maana mtu wa WhatsApp jana alisoma kitu kingine na amesahau alipoachia. Ila ndani ya sura acha vitu vifanye kazi. Mwaka 1996 taa za dagaa ni karabai, zinapampiwa, zinavuma, mtumbwi wote unanuka mafuta ya taa na mtu akirudi asubuhi hata shati linanuka. Leo nyingi ni za betri na sola, nyeupe, kimya kabisa. Mama anakaa jiwe lile lile 2024 anaangalia ziwa, taa ni nyingi kuliko zamani na hazina sauti, na kinachomkumbusha ni ule ukimya. Ukiandika hivyo mtu hahitaji kuambiwa tumehama wakati, anajua kwa pua na masikio.

Nimeona pia umeazima bahari. Kuna "maji yalipokupwa" mara tatu na "upepo wa chumvi" mara nyingi, nadhani umesoma sana hadithi za Pwani na ni kitu kizuri, ila ziwa letu halina chumvi na halina kupwa na kujaa kwa kila siku kama Tanga au Unguja. Lina mambo yake. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo usiku ule anaposubiri upepo unampuliza mgongoni unaelekea kwenye maji, harufu ya moshi wa majiko ya Kirumba inaenda kwa mchumba na ya mchumba haiji kwake. Miaka ile gugumaji lilikuwa limejaa kwenye ghuba, mitumbwi inapita kwa shida, weka. Na badala ya kupwa na kujaa kwa siku moja, ziwa hili linapanda na kushuka kwa miaka. Mwaka 2006 lilishuka sana mpaka mawe ambayo watu hawajawahi kuyaona yakatoka nje, 2020 likapanda likafukuza watu ufukweni, na 2024 likapanda tena. Wewe una jiwe jingine, lile ambalo wapenzi waliandika majina. Umelifanya lionekane kila jioni maji "yakikupwa". Lifanye lilizama baada ya wao kuandika, likaonekana tena 2006 tu, mwaka mmoja, mama mkubwa akaenda akalikuta, na 2024 liko chini ya maji na hakuna atakayeliona. Nilipofikiria hilo nilisisimka mwili, sikufichi.

Kuhusu MV Bukoba yenyewe. Hapa naomba unisikilize kama dada yako kabisa. Wanaokadiriwa kufa ni zaidi ya watu 800, meli ilikuwa na uwezo wa abiria 430, na ndugu zao tunaishi nao, tunapanda nao daladala. Mi nilikuwa shule ya msingi mwaka ule, ninachokumbuka ni redio imewekwa sauti ya chini siku zile tatu za maombolezo na mama zetu wamekaa nje hawapiki. Kwa hiyo ile sura ya kina namna watu walivyokuwa wanagonga ndani ya chuma, na tundu lililotobolewa, na kilichofuata, itoe. Ni kweli yalitokea, lakini msichana wako hakuwepo pale. Yeye yuko gatini na watu waliokuja kupokea ndizi na mikokoteni yao, anachoona ni saa zinapita, mtu mmoja anakimbia, halafu wawili, halafu wanawake wanaanza kushika vichwa. Kaa naye hapo kurasa kumi kama inabidi. Jambo moja tu la meli unalihitaji sana kwenye fumbo na ni la kweli: daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina ya abiria. Ndo maana hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kijana alikuwemo au hakuwemo, na ndo maana tiketi yake inaweza kutumiwa na mtu mwingine.

Na hapo kuna jibu la swali ambalo hujaliuliza, kwamba kati ya Mei na Agosti alikuwa wapi. Kwenye muswada unasema aliposhushwa Kemondo aliuza tiketi. Alimuuzia nani? Mpe sura huyo mtu, hata mistari minne, kijana mdogo mwenye begi la shule aliyekosa nafasi akamshukuru sana. Halafu asubuhi redio inatangaza. Mtu aliyebeba hilo anaweza kutembea mpaka Kisumu asitake kuonekana na yeyote aliyemjua, na barua ya Agosti ndo mara ya kwanza amepata nguvu ya kuandika. Kabla hujaiandika hiyo sehemu nenda Igoma kwenye makaburi yao. Nenda peke yako, ukae, usipige picha, halafu urudi nyumbani uandike.

Madogo madogo: binti hawezi kwenda Sengerema kwa daraja la Busisi mwaka 2024, lilifunguliwa Juni 2025, mpandishe kivuko, tena foleni ya kivuko ni sehemu nzuri ya kumfanya asome barua mara ya pili. Na simu za mkononi zitoe kabisa kwenye 1996 yako, yule mzee wa Kirumba hakuwa nayo.

Usianze kuandika upya kitabu chote, utachoka. Simamisha grupu wiki mbili, waambie unarekebisha, watasubiri. Andika sura ya 4 tu. Jioni, mama mkubwa anasonga ugali, binti anaingia jikoni na ile bahasha mkononi anauliza "mama mkubwa, Kisumu tuna ndugu?" Mama mkubwa asigeuke na asishtuke. Aendelee kusonga, ugali uive kupita kiasi, ushike sufuria, na binti aone kwamba mama mkubwa, ambaye hajawahi kuunguza chakula, leo kaunguza. Nitumie hiyo.